Injini Ndogo na Mikono ya Fundi

Kando ya barabara kuu, karibu na Myanga, magharibi ya Kenya, mizigo ya Afrika Mashariki hupita usiku na mchana. Matrela ya mafuta, ya saruji, ya ngano na ya makontena yaliyopakuliwa Mombasa huelekea Malaba, na kutoka hapo Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo. Siku ambazo mambo yamekwama mpakani, foleni hurudi nyuma kilomita kwa kilomita, madereva wakijipikia chai kwenye vivuli vya matrela yao. Katika msururu huo, mara moja moja, hupita Volkswagen Beetle la kale, likinguruma kwa sauti ambayo mtu aliyekulia miaka ya sabini huitambua kabla hajaliona. Watoto hulipungia mikono. Waendesha bodaboda hulisindikiza kidogo ili walitazame vizuri. Na mtu mzima yeyote ukisimama kununua ndizi atakuuliza: hili litafika kweli?

Litafika. Nimeliendesha kutoka Myanga hadi Mombasa, kilomita 900 hivi, na likanirudisha nyumbani. Gari lenyewe ni la mwaka 1968, injini ya 1200, nguvu za farasi 34. Alilinunua khocha wangu, kaka wa mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati ambapo mwalimu aliyejinyima miaka michache aliweza kununua gari na kulilipia. Lilibeba maharusi, wagonjwa, magunia ya mahindi na karatasi za mitihani. Alipofariki, jamaa wengine walitaka liuzwe kama chuma chakavu. Mimi nililichukua, na tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia ya barabara zetu.

Watu hao ni mafundi. Nchi hii husifu barabara kwa wajenzi wake, magari kwa viwanda vyake na mbio za magari kwa madereva wake. Lakini gari dogo la miaka ya sitini likipanda Timboroa leo, kiwanda kilikwisha kulisahau zamani. Beetle la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, baada ya mengine zaidi ya milioni 21. Kinachoendelea kulipeleka mlimani ni ujuzi wa watu wa Kitale, Bungoma, Eldoret, Nakuru na Grogan ya Nairobi, ujuzi uliopokezwa mkono kwa mkono, na ambao tunauacha uende kaburini na wenyewe. Hilo linaniuma, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Tuanze na mlima, maana mlima ndio mtihani. Ukitoka Myanga uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, au pungufu kidogo. Unapita Bungoma, unafika Webuye, unavuka Nzoia, kilima cha Chetambe kikikutazama kutoka juu, pale Wabukusu walipopigana na Waingereza mwaka 1895. Mizani ya Webuye si yako. Hiyo ni ya matrela. Kisha Turbo, na Eldoret kwenye mita 2,100. Kutoka Eldoret barabara haikuachii nafasi ya kupumua: Burnt Forest, halafu Timboroa, karibu na mstari wa Ikweta, ambako unapita mita 2,700 na baridi inaingia kwenye miguu yako kupitia kila tundu la sakafu. Wanawake wanauza viazi na karoti kando ya lami wakiwa wamejifunika mablanketi. Hewa huko ni nyepesi. Injini ya kabureta hupoteza karibu robo ya nguvu zake, na zile farasi 34 za kwenye karatasi za kiwanda hubaki 25 au 26.

Hapo ndipo mtu asiyejua hulaumu gari. Hewa imepungua lakini petroli inamiminika kwa kipimo kile kile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinashika masizi, moshi mweusi unatoka nyuma na gari linakohoa. Mwenye gari la kisasa hana habari na haya, kwa sababu kompyuta humpimia hewa na mafuta kila sekunde. Kwenye Beetle kompyuta ni fundi. Ndani ya kabureta ya Solex kuna kijishimo cha shaba kinachoitwa jeti, upana wake ni kama wa sindano nyembamba, na karibu petroli yote inayokwenda kwenye injini inapita hapo. Fundi wa nyanda za juu hukutilia jeti ndogo kuliko ile ya kiwandani. Gari linakaa sawa, linapanda kwa gia ya tatu, na pale kwenye mwinuko mkali kwa gia ya pili, polepole, bila kukohoa.

Fundi aliyenifundisha hayo yuko Kitale, mji ulio kwenye mita 1,900, na mkono wake wa kulia una kidole kimoja kilichofupishwa na feni ya trekta. Alianza kama kijana wa spana katika gereji ya Mhindi mmoja mjini, miaka ambayo Trans Nzoia ilikuwa bado na mashamba makubwa yaliyojaa matrekta na Land Rover. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyuma kwa petroli na kunyamaza. Baada ya miaka kadhaa akaruhusiwa kuseti tapeti. Nilipompelekea gari kabla ya safari nilimuuliza swali lile lile ninaloulizwa Myanga.

"Mzee, hili litapanda Timboroa?"

"Lilipanda kabla hujazaliwa, mwanangu. Wewe usilikimbize tu."

Kisha akafanya kazi asubuhi nzima, injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu vali za Beetle hazipimwi injini ikiwa moto. Alifungua, akapima kwa kile kibati chembamba, akakaza, akapima tena. Akatoa oili, lita mbili na nusu tu, akaosha wavu ulio chini, maana injini hii haina filta ya oili, na anayesahau wavu huo ameisahau injini. Akakagua mkanda wa feni. Mkanda huo huzungusha dainamo na pia feni inayopoza injini. Ukikatika, taa nyekundu huwaka mbele yako, na dereva anayeendelea kwenda akidhani ni shida ya betri hufika na injini iliyokufa. Alinionyesha namna ya kuulegeza na kuukaza kwa kuhamisha washa zilizo katikati ya puli. Alinifanya nirudie mbele yake hadi akaridhika.

Mwisho akaingia kibandani, akatoka na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na jeti nyingine, kubwa kidogo.

"Ukishashuka Mtito Andei, itoe hii ya juu, utie hiyo. Pwani hewa ni nzito. Ukienda na ndogo, injini itakosa mafuta ya kutosha na itachoma vali."

Hakunitoza chochote kwa ile jeti. Mzee ambaye kazi yake yote imekuwa Kitale alikuwa amebeba kichwani ramani ya hewa ya nchi nzima, kutoka Mlima Elgon hadi Bahari ya Hindi, na aliijua kwa kipimo cha tundu la shaba. Sijaona chuo kinachofundisha somo hilo.

Wapo wanaosema gari dogo ni la mjini, la kwenda sokoni na kanisani. Historia yetu inasema vingine. Tarehe 27 Mei 1953 yalianza mashindano ya kwanza ya magari ya Safari, wakati huo yakiitwa East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za udongo ambazo mvua moja huzigeuza uji. Magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani, na hapakutangazwa mshindi mmoja wa jumla, lakini gari lililopoteza pointi chache kuliko yote lilikuwa Beetle la Alan Dix. Mwaka uliofuata Vic Preston alishinda kwa Beetle. Likashinda tena 1957, na tena 1962. Sababu zilikuwa wazi kwa kila fundi: injini iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo tope halikulishinda upesi, tumbo lake ni bapa na liko juu ya mawe, halina rejeta, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka wala mpira wa kupasuka.

Safari ilikuwa ngumu kiasi ambacho vijana wa leo hawawezi kukiamini. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vilevile. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404, na kuanzia hapo hapakuwa na mzazi wa magharibi ya Kenya aliyehitaji tangazo la redio kumshawishi kuhusu Peugeot.

Lakini ninayempenda zaidi katika historia hiyo ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, na kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi. Alifanya kazi ya doria ya chama cha wenye magari, akizunguka barabarani kuwanusuru waliokwama. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kukimbizwa katika Safari ya mwaka uliotangulia na dereva mwingine. Gari lililotumika! Timu za viwanda vya Ulaya zilikuwa zimekuja na magari mapya, na zikashindwa na gari la mtumba lililokarabatiwa na mtu aliyejua kila nati yake. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hii kwa Mitsubishi Lancer. Tunamkumbuka kwa mwendo wake. Mimi naona kilichompa ushindi wa 1965 ni spana, na laiti sanamu yake ingesimamishwa popote, ningetaka ashike spana.

Mwaka huo huo wa 1953 ambao Safari ilianza, vijana wawili wa Uswisi, mwandishi Nicolas Bouvier na mchoraji Thierry Vernet, walishika njia ya mashariki kwa Fiat Topolino, gari dogo kuliko hata Beetle. Walipita Yugoslavia, Uturuki na Uajemi, wakakaa msimu wa baridi Tabriz, wakavuka hadi Quetta na Afghanistan. Bouvier alikuja kuandika kitabu kinachosomwa hadi leo. Mwendo wa gari lao ulikuwa wa kobe, na kwa sababu hiyo walizijua gereji za njiani na watu wake kama ambavyo abiria wa ndege hawezi kuzijua. Hilo nalifahamu vizuri. Kutoka Myanga hadi Mombasa kwa gari kubwa la kisasa unaweza usizungumze na mtu yeyote ila mhudumu wa kituo cha mafuta. Kwa Beetle utazungumza na nusu ya Kenya.

Utazungumza kwanza kwa sababu unasimama. Injini inayopozwa kwa hewa inataka kupumzishwa, hasa baada ya mlima mrefu, na dereva wake pia. Nilisimama Burnt Forest, nikasimama Mau Summit, nikasimama Gilgil. Kila nilipofungua kifuniko cha nyuma alitokea mwanamume wa makamo aliyesema kwamba baba yake, au padri wao, au mkaguzi wa shule, alikuwa nalo hili. Wengine waliinama wakasikiliza injini na kuniambia tapeti ya ngapi inagonga. Mmoja, Gilgil, alikwenda nyumbani kwake na kurudi na kofia ya distributa aliyokuwa ameihifadhi tangu gari lake lioze. Aliifuta kwa shati lake, akanipa. Nilipotaka kumlipa alikataa kabisa, akasema amefurahi kwamba imepata kwa kwenda.

Siwezi kuisifu safari hii bila kusema hatari yake. Katika miaka ya karibuni barabara zetu zimeua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Beetle la 1968 halina mifuko ya hewa, na breki zake za ngoma hupata moto kwenye mteremko mrefu zikaanza kulegea. Sehemu ninayoiogopa ni ile kutoka Mau Summit kuteremka kupitia Sachangwan na Salgaa hadi Nakuru. Sachangwan ndipo lori la mafuta lilipopinduka tarehe 31 Januari 2009, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya mia moja. Salgaa tumezika wengi kwa sababu ya madereva wa matrela wanaotoa gia ili gari literemke lenyewe na kuokoa dizeli. Ukiwa ndani ya gari la kilo mia saba na kitu, ukaona kwenye kioo trela la tani arobaini likishuka nyuma yako bila gia, unaelewa udogo wako. Sheria yangu ni kwamba hapo napita mchana tu, kwa gia ya tatu, injini ikinisaidia kushika, na mahali pa kupishia naingia pembeni na kuwaacha wapite.

Tatizo ni kwamba mahali pa kupishia ni pachache mno. Mpango wa kuipanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizungumzwa kwa miaka, na mazungumzo karibu yote yalikuwa ya kasi, ya njia nne na ya ada. Ninaomba wahandisi wafikirie pia walio taratibu: trekta la mkulima wa Molo, mkokoteni wa punda, pikipiki yenye kreti za maziwa, gari la zamani. Njia ya ziada ya kupandia mlima na sehemu za kuegesha kila baada ya kilomita chache zingeokoa roho nyingi kuliko mabango yote ya tahadhari tuliyokwisha kuyasimika.

Baada ya Nairobi nchi inafunguka. Unashuka Athi River, Sultan Hamud, Emali, na joto linaanza kupanda kama baridi ilivyopanda kule Timboroa. Makindu nilisimama kwenye hekalu la Masingasinga. Limekuwapo tangu 1926, na msafiri yeyote, wa dini yoyote, anapewa chakula na mahali pa kupumzika bila kuulizwa pesa. Nilivua viatu, nikafunika kichwa, nikala dengu na chapati pamoja na madereva wa matrela na familia moja iliyokuwa ikienda harusini Voi. Waliolijenga walikuwa watu wa reli: wahunzi, maseremala, waashi na mafundi wa injini waliotoka Punjab. Kutoka kwa watu wa namna yao zilizaliwa gereji za Nakuru, Eldoret na Kitale, na katika gereji hizo ndimo vijana Waafrika walimoosha vyuma kwa petroli na kunyamaza hadi wakajua. Mzee wangu wa Kitale ni mjukuu wa hekalu hilo, ingawa hajawahi kulifika.

Hapo nataka kutaja jambo ambalo limekuwa likinikera. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wahandisi wetu walijitahidi, yakatoka magari matano ya majaribio, yakazinduliwa Kasarani mwaka 1990 kwa jina la Nyayo Pioneer. Walifanya kazi ya kuheshimika. Lakini gari hilo halikuwahi kuingia sokoni, na mamilioni yaliyotumika yamebaki kuwa simulizi. Wakati huo huo, katika mabanda ya mabati ya miji yote ya Kenya, watu walikuwa wakichonga bushi kwa mashine ya leti, wakikata gasketi kwa mkono, wakifufua injini ambazo waliozitengeneza walikwisha kuzitupa. Kama sehemu ndogo tu ya ile fedha ingewafikia, kwa mashine bora, kwa vipimo sahihi, kwa kuandika wanachokijua, leo tungekuwa na nchi inayouza ukarabati kwa majirani zake wote. Tuliota gari jipya na tukawaacha wenye mikono.

Wengine wataniambia kwamba ujuzi wa kabureta umekufa, na kwamba kuulilia ni kulilia taa ya chemni. Tangu magari ya mitumba ya Japani yalipomiminika miaka ya tisini, na kwa sheria inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, magari yetu yote ni ya kompyuta, na fundi asiye na mashine ya kusoma makosa yake hana kazi. Nilikuwa karibu kukubaliana nao hadi nilipofika Mtito Andei.

Nilikuwa na ile jeti mfukoni, ndani ya gazeti lake. Kituoni palikuwa na kijana aliyekuwa akitengeneza bodaboda chini ya mwarobaini, umri wake miaka ishirini na michache, hajawahi kulishika Beetle. Nilimwonyesha kabureta, nikaanza kumweleza. Hakuhitaji maelezo. Alizungusha kichwa, akaiona ile nati ya pembeni, akasema, "Hii ni kama ya pikipiki ya Boxer, ila kubwa." Akaichomoa jeti ya Kitale, akaitazama juani kwa jicho moja, akaipuliza, akatia ile ya pwani. Akawasha, akaisikiliza, akazungusha skurubu ya mwendo wa taratibu robo mzunguko, akaisikiliza tena. Injini ikatulia. Alichukua muda mfupi kuliko ninaouchukua kusimulia. Akaniuliza tu kwa nini ile ya kwanza ni ndogo, nikamwambia habari za hewa ya Timboroa, naye akacheka kwa furaha, akamwita mwenzake aje asikie.

Ujuzi wa mzee wa Kitale haukufa, basi. Ulihamia kwenye pikipiki. Kila soko nchini, Myanga likiwamo, lina kijana anayefungua kabureta ya bodaboda na kuifunga tena huku mteja amesimama. Alichokosa ni ile nusu nyingine: sababu. Anajua jeti iliyoziba; hajaambiwa habari ya hewa. Anajua kukaza vali. Hajaambiwa kwa nini injini iwe baridi. Mzee anazo sababu lakini hana tena wanafunzi, kwa kuwa vijana wanaona gereji yake imejaa vyuma vya kale. Vijana wana mikono lakini hawana wa kuwaeleza. Na wakati si wetu, maana bodaboda za umeme zimekwisha kuingia mijini, na siku zitakapofika Myanga kwa wingi, kabureta ya mwisho itafungwa na huyo kijana, na pamoja nayo mlango wa kupitia kutoka kwake hadi kwa mzee. Injini ya umeme nayo itataka mafundi wanaosikiliza, wanaopima, wasiobahatisha. Tabia hiyo ya kazi ndiyo ninayotaka ivuke, na haiandikwi kwenye mwongozo wa kiwanda chochote.

Vyuo tunavyo. Kuna Sang'alo, karibu na mji wa Bungoma. Kuna Matili, kule Kimilili. Kuna Kitale National Polytechnic, mwendo mfupi kutoka kwenye gereji niliyoieleza. Kuna mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, ambayo huwapima mafundi na kuwapa vyeti vya daraja la tatu, la pili na la kwanza, hata kama hawakukanyaga sekondari. Kwa hiyo sidai majengo mapya. Nataka mzee mwenye miaka hamsini ya gereji aitwe chuoni kama mwalimu, alipwe kama mwalimu, na aliye na kalamu akae kando yake aandike: jeti gani kwa mwinuko gani, bushi ya shaba huchongwaje, chemchemi iliyolegea hurudishwaje. Nataka mtihani wa vitendo ufanyike juu ya injini iliyofunguliwa kabisa mezani, ambayo mwanafunzi ataiona ikipumua. Nataka fundi wa bodaboda wa Myanga apewe nauli ya kwenda kuupima ujuzi wake NITA, maana serikali ya kaunti hutumia fedha nyingi kuliko hizo kwa hema na viti vya mkutano mmoja.

Beetle la khocha lilifika Mombasa jioni, likavuka Makupa polepole na foleni ya watu waliotoka kazini. Kesho yake fundi mmoja wa Kisauni aliizunguka injini, akauliza nani ameitengeneza. Nilimtajia mzee wa Kitale na kijana wa Mtito Andei. Akataka namba zao za simu, nikampa baada ya kuwauliza wenyewe. Wanapigiana hadi sasa, watatu hao, kuhusu magari ya wateja wao, na hawajawahi kuonana. Vyuo vyetu hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Mzee amepita miaka sabini, macho yake yanaanza kuona ukungu, na ameniambia kwamba akiitwa atakwenda, mradi apewe meza imara na mwanga wa kutosha.